Kitanzi cha Waya cha Hamisi

Jumatatu, 3 Desemba 1956
Nimefua, nimepepeta mchele. Hamisi wangu yuko likizo, anajaza karatasi hesabu. Kitanzi cha waya kikae kati ya sumaku mbili, ukikipa umeme wa betri za tochi kinajigeuza chenyewe. Yeye anatafuta kitageuzwa kwa nguvu kiasi gani: mizunguko ya waya, mara umeme, mara eneo la kitanzi, mara nguvu ya sumaku, na pembe ya mkao wake. Sikuelewa. Mtaa mzima wa Isevya nimeshautangazia. Nani mwingine kazaa hivi?

Jumatano, 5 Desemba
Shemeji anakuja Ijumaa kutoka Urambo. Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye mwenye kauli. Anataka Hamisi aache shule akalime tumbaku. Nitamwambia aone kwanza kazi ya mtoto. Majirani nao nimewaalika. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 7 Desemba
Aibu. Sebule imejaa, shemeji kiti cha mbele. Hamisi akaunganisha betri. Kitanzi kimya. Akaunganisha tena. Kimya. Jirani yangu Mama Zuhura: "Shoga, labda kinangoja vigelegele." Kicheko. Shemeji akasimama. "Jumatatu naondoka naye."

Ni mimi. Asubuhi nikipanga meza niliona kitanzi kimewapa wageni ubavu. Sumaku moja upande wao, ya pili upande wa ukutani. Kitu cha kuonyeshwa hakikai ubavu. Nikakigeuza kiwatazame, nikakifunika kwa kitambaa changu cha kufuma.

Walipotoka Hamisi akarudia karatasi yake. Kitanzi kikizitazama sumaku uso kwa uso, hesabu inatoa sifuri. "Mama, nani kakigusa?"
Nikasema paka.

Jumamosi, 8 Desemba
Hamisi anafunga mizigo. Kampiga paka teke. Nampenda mwanangu kuliko roho yangu, na nimemtosa kwa kuogopa kuchekwa.

Jumapili, 9 Desemba
Nimewaita wote tena. Nimesema mbele ya shemeji, mbele ya Mama Zuhura: nilikigeuza mimi, na nikadanganya. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Hamisi hakunitazama. Akakirudisha kitanzi ubavu, akaunganisha betri. Kikageuka. Shemeji akataka arudie, mara tatu. Kisha: "Haya. Arudi shule."

Jumatatu, 10 Desemba
Shemeji kapanda treni peke yake. Mvua kidogo. Hamisi kala. Kaosha sahani yake mwenyewe, kazi yangu siku zote, kaifuta, kaiweka kabatini. Sikumzuia.