Tonge Lililokuwa la Nuru

Jumamosi. Jua limekuwa kali tangu asubuhi na upepo hakuna. Nguo nilizoanika zilikauka kabla sijamaliza beseni la pili. Sasa magharibi imeshaswaliwa, nimekaa kwenye kizingiti cha ua, miguu inaniuma, mikono bado inanuka tui na moshi, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Blogu hii inasomwa na watu wachache sana, na nadhani wawili kati yao ni mimi mwenyewe, mara kwa simu yangu, mara kwa simu ya Mama. Ndiyo maana hapa naweza kusema kweli.

Leo nimesema mbele ya watu.

Kwa anayenijua, hiyo peke yake ni habari. Miaka minne ya sekondari sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akinisimamisha nisome kwa sauti, na darasa zima linainamisha vichwa kunisikiliza kama wanasikiliza redio iliyoisha betri. Nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Mbwajumali kusubiri matokeo, na kazi yangu kubwa imekuwa kumwangalia mdogo wangu Nuru.

Nuru ana miaka sita. Hawezi kula kamba. Simaanishi kwamba hapendi. Mwili wake hauwakubali, wala kaa, wala chochote cha namna hiyo. Samaki anakula vizuri. Lakini mchuzi wa kamba ukimgusa mdomo tu, midomo inafura, ngozi inatoka mabaka, kifua kinabana. Muuguzi wa zahanati yetu, bwana mmoja mpole aliyetoka bara, alituambia jina lake ni mzio. Hapa kijijini wengine wanaita jicho la hasidi. Wengine wanasema ni deko, kwamba Mama anamlea mtoto kizungu.

Kuishi kisiwani na mtoto asiyeweza kula kamba si mchezo. Baba ni fundi wa mashine za boti, na wavuvi wakitengenezewa mashine huleta kamba kwa shukrani. Baba anawapenda kamba kuliko kitu chochote. Miaka miwili sasa hajawaingiza ndani. Anawapokea, anashukuru, anawapeleka kwa jirani, kisha anasimama uani ananawa kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kumbeba Nuru. Hajawahi kulalamika. Mimi nimemwona mara moja tu akisimama kidogo nje ya jiko la jirani, anavuta harufu, halafu anaendelea na safari yake.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika.

Ramadhani iliyopita nilimdhuru Nuru mimi.

Nilikuwa nimeumua unga wa kaimati. Jirani yetu alikuwa amemaliza kukaanga vitu vyake vya futari, akaniita ukutani, akasema karai liko moto na mafuta yapo, nije nitie kaimati zangu nisiwashe makaa mengine bure. Ndivyo tunavyofanya siku zote mwezi wa Ramadhani, moto mmoja unatosha nyumba tatu. Nikaenda. Sambusa zake niliziona kwenye sinia. Nilijua zina kamba. Lakini mimi nilikuwa na unga, hamira, tui na sukari, vyote nimevipima kwa mkono wangu, vyote safi. Mafuta sikuyafikiria hata kidogo. Nani anayafikiria mafuta?

Nuru alikula kaimati mbili. Kabla ya adhana ya isha uso wake haukuwa uso wake. Baba alimbeba akakimbia naye zahanati akachomwe sindano, Mama nyuma, mimi nyuma ya Mama na viganja vimejaa shira. Muuguzi alisema mkichelewa siku nyingine, boti ya kwenda Lamu haitawasaidia, hasa maji yakiwa yametoka na boti haziwezi kupita.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Alichofanya ni kwamba tangu siku hiyo chakula cha Nuru anakipika yeye. Mimi naosha, napara samaki, nakuna nazi, nachochea moto, lakini sufuria ya Nuru siigusi. Hakuniambia nisiiguse. Alinitangulia tu, kila siku, kimya kimya, mpaka nikaelewa.

Na tangu siku hiyo Nuru hajala kwenye shughuli yoyote. Watu wakialikwa yeye anabaki nyumbani, au anakwenda na kibakuli chake akakaa ngazini peke yake. Idi iliyopita nilimkuta anawaangalia watoto wenzake wamezunguka sinia, vidole vyote ndani ya wali, wanagombania ukoko. Hakulia. Aliniuliza kama akikua mzio utakuwa umeisha. Nikamwambia sijui.

Leo ilikuwa arobaini ya kuzaliwa mtoto wa Khale Rukia, mdogo wake Mama. Mama alikuwa ameshapanga kumpeleka Bibi Lamu kutazamwa macho, na boti yao iliondoka asubuhi na maji. Jana mchana aliniambia nimbakishe Nuru nyumbani, nimwekee ndizi na uji.

Nilimjibu, "Mama, niachie. Nitakwenda naye, na atakula na watu."

Akasema, "Mpishi ni Bi Mwanaesha. Utaweza kumwambia?"

Bi Mwanaesha ndiye anayepika shughuli zote za kijiji hiki. Ana sauti ya kusikika mpaka msikitini, na watu wazima humwogopa. Jana alasiri nilikwenda uani kwa Khale Rukia nikamkuta amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilipofika yalikuwa hayapo. Nikachukua nazi nikaanza kuvunja. Nilivunja nazi tisa kabla ya kufungua mdomo.

Nilimweleza yote kwa mkupuo, bila kupumua, nikitazama nazi. Kwamba Nuru hali kamba. Kwamba hata mwiko uliogusa kamba unatosha kumdhuru. Kwamba ingewezekana samaki wa nazi wapikwe kwanza, wali wa sinia moja utolewe kwanza, kamba waingie jikoni mwisho.

Mkuno wa nazi ukasimama. Wanawake wote wakageuka kunitazama.

"Kumbe una ulimi," akasema Bi Mwanaesha. "Nilidhani Zainabu amekuzaa bila."

Walicheka sana. Mimi nilihisi masikio yanaungua. Zainabu ni mama yangu. Lakini alipomaliza kucheka akaniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama daktari. Mafuta je? Sahani je? Mkono wa anayepakua je? Mwisho akasema, "Samaki watatoka kwanza, kamba mwisho. Upawa uje nao wa kwenu, nami sitaki kuuona mkononi mwa mtu ila wewe."

Basi leo alfajiri nilikwenda na upawa wetu wa kifuu, nimeufunga uzi mwekundu kwenye mpini. Nilipakua sinia la Nuru mimi mwenyewe, wali na samaki, nikalifunika kawa, nikaliweka juu ya kabati la Khale Rukia. Ndani ya buibui nilikuwa na chupa ya dawa ya mzio ya Nuru, na kichwani maneno ya muuguzi: kifua kikibana msikae mkingoja dawa, njooni mbio.

Wageni wakajaa. Udi ukafukizwa, mtoto akaombewa dua, akabebwa na kila mtu mpaka akachoka akalia. Kisha mikeka ikatandikwa na masinia yakashuka. Nikamkalisha Nuru na wasichana wanne wa rika lake. Nilihakikisha wote wamenawa kwa sabuni, nikawaambia sinia hili ni lao peke yao, mkono usitoke kwenda sinia jingine. Nuru alikaa wima kama bibi harusi. Hakula kwanza. Aliwatazama wenzake, akatazama wali, akanitazama mimi. Nikamwashiria. Akatia mkono.

Nikadhani nimemaliza.

Nilikuwa upande wa pili wa ua, nimeshika birika na bakuli la kunawia wageni, nilipomwona Bi Time anainuka kwenye sinia lake. Bi Time ni bibi yake mtoto wa Khale Rukia upande wa baba, ametoka Siyu kwa ajili ya shughuli hii. Hajui habari za Nuru. Alikuwa amemwona mtoto mzuri mwenye wanja na kanzu ya kijani, akampenda, basi. Kila mtu hapa anajua bibi akikupenda hufanya nini. Alikuwa amefinyanga tonge kubwa la wali, linang'aa kwa mchuzi, na ule mchuzi ulikuwa wa kamba.

"Ndoo mwanangu," akamwita kwa lafudhi ya Siyu, "tonge moya la nyanyako."

Tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi. Tumefundishwa hivyo kabla ya kujua kutembea. Likija, unafungua mdomo, unapokea baraka. Nuru amefundishwa na mimi mwenyewe. Na Nuru alifungua mdomo.

Sikumbuki niliiweka wapi birika. Khale Rukia anasema niliitupa, na kanga yake ililowa. Nakumbuka kwamba nilitaka kupiga kelele na kelele haikutoka, kama darasani. Nilifikiri, nikimshika mkono Bi Time nitakuwa nimemtukana mgeni mbele ya watu wake wote, siku ya furaha yake. Nisipomshika, Nuru. Miguu ilikuwa imeshanifikisha. Nikapiga magoti kati yao, uso wangu mbele ya uso wa Nuru.

"Nipe mimi, Bi," nikasema. Nikafungua mdomo.

Msichana mzima, wa kidato cha nne, nimepiga magoti mdomo wazi kama kinda la ndege.

"Wewe? Na ukuu wote huu?" akasema Bi Time, na ua mzima ukaangua kicheko. Mtu nyuma yangu akasema labda natafuta mchumba Siyu. Lakini Bi Time alinitia lile tonge mdomoni, kwa sababu mdomo uliofunguka mbele ya tonge naye hawezi kuukataa. Nikatafuna. Lilikuwa tamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonja kamba tangu Ramadhani, maana hata kwa watu nilikuwa nimewaacha.

Nikameza, kisha nikasimama. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama, na kwa mara ya kwanza sikutazama chini.

"Bi, tonge lako ni baraka na sikutaka lianguke," nikasema. "Lakini huyu mdogo wangu ana mzio. Kamba anambana kifua mpaka hapumui. Mwaka huu tulikaribia kumpoteza, na mimi ndiye niliyemlisha, bila kujua. Si deko na si jicho. Naomba yeyote anayempenda Nuru asimtie kitu mdomoni bila kuniuliza."

Sauti ilitetemeka mwanzoni. Mwishoni haikutetemeka.

Bi Time alitazama vidole vyake, bado vina mchuzi, akavishika mbali na mwili wake kama vitu vya mtu mwingine. "Hamkunambia," akasema polepole. "Ningemuua mwana wa watu kwa mapendi yangu."

Halafu akaomba maji. Nilimletea mimi. Alinawa kwa sabuni mara mbili, akajikausha kwa kitambaa safi, akaja akakaa kwenye mkeka wa watoto, magoti yake yakilia. Akaniuliza kwa sauti, watu wote wasikie, "Sinia hili ni lake?" Nikasema ndiyo. "Na mkono wangu sasa?" Nikasema sasa uko sawa, Bi. Akafinyanga tonge jipya kutoka sinia la Nuru, dogo, la mdomo wa mtoto, akanitazama mpaka nilipoitikia kwa kichwa.

Nuru akafungua mdomo.

Kutoka jikoni nikamsikia Bi Mwanaesha akiwaambia wenzake kwamba kuanzia leo shughuli zote kamba watapikwa mwisho, na asiyetaka akapike kwao.

Tulirudi nyumbani Nuru akiruka ruka mbele yangu. Kila tuliyekutana naye, Nuru alimwambia habari moja tu: "Nimekula na watu." Muuza mboga aliambiwa. Punda wa jirani naye aliambiwa. Nilimchungulia midomo, shingo, mikono, nikamsikiliza kifua, nikarudia tena na tena mpaka akanichoka. Hakuna kitu.

Mama amerudi na maji ya jioni. Kabla hajavua buibui alikuwa ameshapata habari yote bandarini, na nyingine ya kuongezwa, maana bandarini wanasema nilimpokonya Bi Time tonge mkononi. Nikamweleza ilivyokuwa. Alisikiliza huku anamtazama Nuru, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo limejaa, kanzu ya kijani ina madoa ya tui. Hakunisifu. Mama si mtu wa sifa. Alikwenda jikoni, nikasikia anafungua kabati, akarudi ameshika chupa ya mafuta mapya, haijafunguliwa. Akaniwekea mikononi.

"Kesho Nuru anataka kaimati," akasema. "Utampikia wewe."

Chupa iko hapa pembeni yangu ninapoandika. Nimeshaumua unga, nimeufunika, nimeuweka mahali pa joto. Nimeinuka mara mbili kwenda kuutazama, na bado unapanda.