Kengele ya Masanja

Jumatatu, 3 Juni

Feni tena. Wiki ya tano nazungusha rimu ya baiskeli inayopeleka upepo kwenye mkaa, na bado inanishinda. Nikizungusha taratibu, chuma kinabaki cheusi. Nikikazana kinarusha cheche kama sherehe. Mzee Gervasi, mhunzi anayenifundisha kazi, anakitoa kwa koleo, anakitazama, anakitupa kwenye pipa. Kimeungua. Sikujua chuma kinaungua. Nilidhani kinachoungua ni ugali tu.

Chumbani kwangu Shanwe kuna kitanda, ndoo na nanga. Nanga ya boti, Mpanda, mahali pasipo na ziwa. Mke wangu, Mama Neema, aliondoka kwetu Kapalamsenga, kule ziwani, na mwenye boti kubwa. Ya kwetu ndogo niliiuza. Nanga hakuna aliyeitaka. Boti ya yule jamaa ni nzuri kweli, lazima nikubali.

Alhamisi, 6 Juni

Kaja Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Dume lake linaloongoza kundi limepoteza kengele porini. Anataka nyingine kabla ya Jumanne tarehe 18, siku anayohamisha kundi kwenda malisho ya kusini. Huko ng'ombe akipotea ni wa fisi.

"Nataka ya kuisikia nikiwa nimelala chini ya mti wa tatu kutoka kundini," alisema. "Hizi za dukani zinalia kama kijiko."

Mzee akaninyooshea koleo. Yaani nitaifua mimi. Masanja alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Alipoondoka, Mzee akatoa sentensi ndefu kuliko zote tangu nifike: "Hii ikikushinda, rudi kwa samaki wako."

Kwa samaki hakuna mtu. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Juni

Kengele ya kwanza: imeungua. Ya pili: nilikunja jembe kuukuu, nikagonga ribiti za kuziunganisha kingo, upande mmoja ukabaki wazi. Nikaipiga. Mlio wa kopo.

Nimegundua jambo. Jirani wa welding, ng'ambo ya barabara, kapiga kelele, "Mzee, mkaa umepanda bei!" Mzee akajibu, "Nzuri." Nikaona nijaribu. Nikasimama nyuma yake: "Mzee, suruali yako inaungua." Hakugeuka. Nikazunguka mbele, shikamoo. Marahaba.

Anasoma midomo. Nyundo zimemla masikio. Watu wanasema ana maringo. Hana. Hasikii.

Nilitaka kucheka. Fundi wa kengele asiyesikia, na mwanafunzi aliyeshindwa na rimu. Masanja amepata mafundi.

Jumatano, 12 Juni

Leo Mzee alinishika mkono ninaozungushia. Tukazungusha pamoja, taratibu kuliko nilivyodhani, bila kupumzika. Akaachia. Mkono ukaendelea wenyewe. Chuma kikaja na rangi ya papai lililoiva. Ndiyo yenyewe hiyo.

Muda mrefu hakuna aliyenishika mkono. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kengele ya tatu ikaisha saa tisa. Mzee akaiuma pete ya juu kwa meno, akafumba macho, akaigonga kwa msumari. Nilidhani ni dawa za kwao. Kumbe anasikilizia meno.

"Inalia," akasema. Kisha akanikazia macho. Alijua kwamba najua. "Lakini mimi najua kama inalia tu. Sijui inafika wapi. Nenda."

Nikatembea, yeye akipiga. Penye kona ya kanisa sauti ikafa. Nikarudi, nikasema kwa midomo mipana: "Kanisani."

"Karibu mno. Mdomo wake mnene."

Hakuniomba nifiche. Nitaficha.

Ijumaa, 14 Juni

Masanja kaja kuchungulia. Jirani wa welding akadakia: "Babu hasikii huyo, utapewa sufuria!"

Nikasema Mzee anasikia vizuri, hapendi tu kelele za watu. Masanja akaugeukia mgongo wa Mzee. "Eti Mzee, ni kweli?"

Mgongo ukaendelea na kazi. Nikaangusha koleo karibu na mguu wa Mzee, auhisi mshindo kwa nyayo. Akaruka, akageuka, akanitukana kwa Kirundi, lugha ya kwao. Masanja akaridhika.

Akasema Jumanne asubuhi atapita na kundi, na kengele ya dukani mfukoni. Yetu isipofika mbali, anafunga hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Mzee yuko Katumba kwa wanawe. Nimewasha moto peke yangu. Feni mkono wa kushoto, koleo wa kulia. Papai. Nikapiga. Papai tena. Kengele ya nne, mdomo mwembamba.

Ulimi, kile chuma cha ndani kinachogonga, ulikuwa mwepesi. Nikaenda chumbani, nikarudi na nanga. Nimekata jino lake moja, likawa ulimi.

Nikaitikisa. Ililia mpaka kifuani. Nikageuka kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu.

Nikazima moto, nikala mihogo.

Jumanne, 18 Juni

Masanja alikuja asubuhi. Mzee aliiuma kengele, akafumba macho muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Tukalifunga dume kengele shingoni. Likatikisa shingo, likashangaa, likatikisa tena kusudi. Masanja akasikiliza mdomo wazi. Akatuachia ile ya dukani.

"Pimieni chumvi," akasema.

Kundi likaondoka na vumbi lake. Tukakaa mlangoni na chai.

"Inafika wapi?" Mzee akauliza, macho kwenye midomo yangu.

"Kanisani."

Akanywa kidogo. "Sasa?"

"Darajani."

Kisha sauti ikazama kabisa. Nilikaza masikio. Jogoo tu, na mashine ya jirani.

"Sasa?"

"Bado inasikika," nikasema, kwa midomo mipana.

Chai ikaisha. Akauliza tena.

Bado.