Ile "Sijui" Uliyomwambia Baba Yako

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mwanangu Profesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na usinune, ndivyo shangazi yako anavyosalimia. Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unameza vitabu tu? Huku tu wazima, isipokuwa baba yako, nami nitamfikia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema hujui kama Mungu yupo, wala hakuna awezaye kujua, maana kila watu wana kweli yao. Nashukuru hukunificha. Mnafiki angeniandikia "amina" na mambo yakaisha.

Ngoja nikuchekeshe. Mwezi uliopita tulishona majoho ya kwaya. Mimi niliwapima akina mama kwa tepu yangu ya miaka yote, binti yangu akakata kwa tepu mpya. Majoho yote kumi na mawili yakabana kwapani. Nami kwa kiburi cha ufundi nikawaambia wamenenepa. Kiongozi wao hajanisamehe mpaka leo. Kumbe tepu yangu ilikuwa imevutika kwa uzee, inasoma pungufu. Tulipozilaza zote mbili kando ya rula ya chuma, nikanywea.

Tepu zetu zilipingana, Profesa, lakini vifua vya wale mama vilikuwa na upana wake, tupende tusipende. Ukisema "sijui", nakuheshimu. Ukisema "hakuna awezaye kujua", basi umeshatupima sote, na tepu uliyotumia sijaiona.

Wala sijifanyi mjuzi. Mama yako alipofariki, niliomba karibu mwaka mzima bila kusikia chochote. Kilichonishika si hoja. Ni Yeye aliyekuja akaketi mezani na watu, akalia kaburini kama sisi. Siwezi kukushonea imani ukaivaa. Naomba tu usifunge mlango halafu ukauita huo usomi.

Sasa baba yako. Jumanne tarehe 25, asubuhi, anapasuliwa moyo. Ulipomjibu kwenye simu kwamba hujui kama Mungu yupo, na huwezi kumwombea kwa kuigiza, hakukasirika. Aliketi kitandani akaniuliza, "Dada, nilikosea wapi na huyu mtoto?" Niliumia sana.

Sikutumi udanganye. Barua hii ikikufikia, mpigie, uombe akikusikia, hivyo hivyo ulivyo: "Mungu, sijui kama upo. Kama upo, huyu ni baba yangu, usimwache." Hayo ni maombi kamili, mwanangu. Mimi nimewahi kuomba mabovu kuliko hayo, na nilisikilizwa.

Bibi anakusalimu sana. Mume wangu kinyozi naye anakusalimu, ila anasema nywele zako kwenye ile picha zinamvunjia heshima. Mungu akufunike huko uliko, hata kabla hujamwita.

Akupendaye, uamini usiamini,
Shangazi yako