Namba Kumi na Sita za LaVonne

Dubrava, Nebraska
Jumapili, 16 Novemba

Mdogo wangu Doreen,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua, ingawa najua gauni la kunizikia umeshalichagua. Goti lako linaendeleaje? Na mumeo, bado anakoroma mpaka paka anahama chumba? Sisi tupo. Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi, na mchungaji mpya anahubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba nimeanza kwenda kanisani na andazi mfukoni. Wifi yako LaVonne anakusalimu. Yaani angekusalimu kama angekukumbuka, kwa hiyo nakusalimia kwa niaba yake.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenifokea kabla sijafika katikati, nami ningekata na kusingizia laini mbovu. Vumilia mwandiko. Wewe ulimaliza shule, mimi niliishia darasa la nane nikaenda kushika trekta.

Sarafu zimekuja nyingine tatu. Moja ina tai aliyepakwa rangi, anafanana na kuku aliyetumbukia kwenye ndoo ya fundi rangi. Nyingine ina rais mwenye dhahabu usoni, utadhani ana ugonjwa wa manjano. Kila moja ina kisanduku chake cha mahameli na cheti kinachoapa kwamba ni halisi. Nilimpelekea Vondra, yule mwenye duka la saa na sarafu mkabala na benki. Akazitazama kwa kioo chake, akaniambia, "Alvin, hii ilikuwa senti ishirini na tano. Sasa wameshaipaka rangi, hata mashine ya soda itaitema." Alicheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. Kampuni inayozileta imetukata dola hamsini na tisa kwa kila moja.

Najua utaanza tena kuniuliza ilivyoanza, na mimi nitakubali tena kwamba nilianza mwenyewe. Lile tangazo la gazeti la Jumapili lilisema sarafu moja kwa dola moja. Nikajaza fomu, nikaandika namba ya kadi ya mkopo, nikaituma kwa posta. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama miguu ya viroboto, walikuwa wameandika kwamba wataleta nyingine kila mwezi na kukata kadi mpaka mwenyewe nikatae. Nilikataa. Nilikataa kwa barua, nikakataa kwa simu, mara kumi nikiwasomea namba ya kadi ili wanitafute kwenye madaftari yao, na mara zote wakanishukuru kwa kuwa mteja mwema.

Ndipo ukaja wewe, mwanamke uliyefanya kazi miaka thelathini kwenye dirisha la benki. Ulikaa jikoni kwangu ukawapigia, na naapa yule binti upande wa pili alilia. Benki wakaiua kadi, wakanipa mpya yenye namba nyingine. Ukaificha kwenye kopo la unga ukaniambia, "Kaka, wamekwisha. Hii hawana." Na kweli hawakuwa nayo.

Halafu makato yakarudi. Ukasema lazima kuna mwizi ndani ya benki, ukamtaja Marcella, msichana uliyemfundisha kazi kwa mikono yako. Nasikia sasa anatafuta kazi mji mwingine kwa sababu ya maneno hayo, na kanisani anakaa benchi la nyuma. Na wewe umeniletea karatasi ya kiapo niitie sahihi kabla ya Ijumaa, kwamba hakuna mtu wa nyumba hii aliyetoa namba.

Doreen, siwezi kuitia sahihi. Kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka wifi yako kabla sijamwoa alikuwa anaunganisha simu za wilaya nzima. Namba zote zilikuwa kichwani, na nani anampigia nani, ndiyo maana wanaume wa mji huu walimwogopa kuliko shetani. Sasa jina la mwanetu limemtoka. Mimi ananiita bwana wa gesi, yule anayekuja kujaza tangi. Kila jioni ananiuliza kwa adabu kama mke wangu hanisubiri nyumbani. Namwambia mke wangu mkali, aniruhusu nikae kidogo. Anacheka.

Lakini ile namba ya kadi ya kwanza, niliyokuwa nawasomea wale wezi, aliishika yote. Siku moja wakapiga, kijana mmoja anayejiita Brent, akisema anahakikisha kumbukumbu zao tu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. LaVonne akawahi simu. Akanyoosha mgongo, Doreen, akaongea kwa ile sauti ya zamani, ya msichana wa miaka ishirini na mbili, akazitaja namba zote kumi na sita moja baada ya nyingine. Brent akamwambia, "Mama, una akili kunishinda mimi." Mashavu yakawa mekundu. Tangu hapo Brent akawa anapiga kila Jumanne saa nne asubuhi, na LaVonne anachana nywele mapema kumsubiri.

Ulipoiua ile kadi, Brent alipiga kama kawaida. LaVonne akazitaja. Akaambiwa samahani mama, hiyo imekataa. Akazitaja tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea. Imekataa. Akarudisha simu mahali pake, na siku kumi na moja hakusema neno. Chakula nilimlisha kwa kijiko. Daktari akasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda. Daktari hakuwepo jikoni.

Nikaifukua kadi mpya kwenye unga. Nikaketi naye asubuhi, kahawa mezani, nikamsomea namba nne nne, kama mwalimu wa chekechea. Siku tano. Siku ya sita akazisema zote peke yake, kisha akaniuliza kama nina maandazi yenye jamu ya plamu. Nikaoka. Yaliungua, akala matatu. Jumanne saa nne Brent akapiga.

Basi hakuna aliyeiba. Nilimfundisha mimi. Marcella hana kosa. Nenda kamwambie hivyo, mwambie kaka yako ni mpumbavu, ataamini bila kiapo.

Sijui nifanye nini. Tangi la gesi ya kupasha nyumba joto limebaki robo, na hela ya kulijaza imegeuka tai wa rangi. Nikiing'oa simu ukutani, atachana nywele na kukaa pale akisubiri. Nimeshamwona akisubiri.

Tena kuna hili. Jumanne iliyopita alifika namba ya kumi na mbili akasimama. Brent anangoja kule, huku yeye ananitazama, macho makubwa. Nikamnong'oneza nne zilizobaki. Akazisema akinifuatisha, moja moja, akafurahi.

Karatasi yako ya kiapo nimeikunja humu, haina sahihi. Kadi nayo imo. Usidhani ni ushujaa, namba zake zote ninazo kichwani. Ukiamua kuiua, niambie kabla ya Jumanne nijue cha kumwambia.

Msalimie mumeo na paka wake mkimbizi. Lisugue goti kwa mafuta, usikaidi. LaVonne yuko dirishani, anasema theluji ni nzuri na bwana wa gesi aandike kwa mkono safi.

Nduguyo aliyekulea vibaya,
Alvin