Mikono ya Bi Mwanasiti

Munje, Alhamisi, Januari 1964

Sasa kisa ni nywele. Mama mkwe amenisema hadi Isha: "Eda imekwisha jana tu, leo ushasukwa. Wajipambia nani?"

Anajua vizuri kwamba kesho shemeji, ndugu wa marehemu mume wangu, anakuja kusikia kama nitakubali anioe. Redio ya jirani haiishi kutaja uhuru, na mimi humu ndani nimekwisha pangiwa mume.

Mchana, kwa Bi Mwanasiti msusi, nilikaa mkekani, kichwa katikati ya magoti yake. Akanipaka mafuta ya nazi, akaanza kunichana taratibu. Tangu mazishi hakuna mtu aliyenishika kichwa. Machozi yakanitoka mbele ya wanawake wote waliokuwa wakingoja zamu.

"Nimekaza mno, mwanangu," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Niwie radhi."

Hata kusuka alikuwa hajaanza.

Baadaye alikaza kweli. Kichwa kinaniuma kana kwamba mikono yake bado imenishika, hata kukilaza siwezi. Kesho nitajitanda leso kama ipasavyo, shemeji hataona kitu. Namuomba Mungu maumivu haya yasipoe kabla sijamwambia hapana.