Kipande Nilichokiita cha Jadi

Achadh Beag,
Lochcarron,
Scotland.
9 Machi, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ruairidh,

Hujambo huko Dunedin, upande wa pili wa dunia? Wifi yangu Marama hajambo, na watoto je? Nasikia kwenu majira ya joto ndiyo yanaisha. Sisi mvua inatunyeshea tangu Krismasi. Mimi mzima, isipokuwa bega la kushoto, ambalo fidla imelizeesha kabla ya mwili wote. Binti yangu Oighrig ametimiza miaka kumi na tisa. Ndiye mpiga gitaa wa bendi yetu siku hizi, na ametuletea mashine ya midundo jukwaani. Baba aliitazama mwezi mzima kama mtu aliyeletewa mbuzi wa jirani.

Baba mwenyewe ana nguvu, ila masikio yameziba. Yalianza kuvuma mwaka juzi, na tangu Novemba hasikii kabisa. Kodiani yake iko kabatini. Tunazungumza naye kwa kuandika kwenye karatasi, naye hujibu kwa sauti ya kuamsha mbwa wa ng'ambo ya pili.

Sasa nisizunguke. Nimekukosea, Ruairidh, na nimekukosea miaka sita.

Unaikumbuka asubuhi uliyoondoka. Jana yake Baba alikuwa amekwambia mbele ya bendi nzima, "Mkono unao, bwana, lakini kutunga hujui. Cheza vya wenzako." Asubuhi akaenda kwa kondoo bila kukuaga, nawe ukanipigia jikoni kipande cha muziki wa polepole ulichokitunga, nami nikakirekodi kwenye simu. Uliniomba neno moja tu: siku tukikicheza, nimwambie Baba ni chako.

Tulipokwenda kurekodi albamu, ilibaki nafasi ya kipande kimoja cha polepole. Nikapiga chako. Baba akaweka kodiani chini, akasikiliza amefumba macho, kisha akauliza nimekitoa wapi. Unajua kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Hatupigi kitu jukwaani bila kutaja nani katunga na kamtungia nani. Nikajibu, "Cha jadi, Baba. Nilikipata kwa bibi mmoja huko Lochinver." Na kwenye jalada kikachapwa hivyo hivyo.

Nilijiambia kwamba angejua ni chako angekikataa. Uongo mwingine huo. Nilikuwa na hasira nawe. Uliondoka ukaniachia Baba, kondoo na bendi, halafu hata sifa nikutafutie mimi? Na wivu pia, niseme yote. Nimepiga fidla miaka arobaini na sijatunga hata kipande cha kumbembelezea mtoto.

Basi nikayavuna niliyoyapanda. Kila onyesho Baba alishika maikrofoni: "Aliyetunga hiki kafa zamani, jamani. Siku hizi hakuna!" Watu wanapiga makofi, mimi najitia hamnazo, nakaza uzi ambao haukulegea. Albamu haijifichi, najua uliisikia, maana mwaka ule ndipo ulipoacha kuniandikia. Hukunigombeza. Ungenitukana ningepumua.

Mwezi uliopita Oighrig alikuwa akitafuta picha kwenye simu yangu ya zamani, akakukuta humo ukiongea na kupiga kile kipande. Akaja mbio jikoni.

"Mama! Huyu marehemu wa jadi mbona ana sauti ya mjomba?"

Nikamwambia aache utani.

"Utani upi? Babu kamlilia mtu jukwaani miaka yote, na mtu mwenyewe yu hai anakunywa chai Dunedin! Usiposema wewe, nasema mimi."

Nikapiga moyo konde, nikaandika kwa herufi kubwa: NI CHA RUAIRIDH. NILIKUDANGANYA. Baba akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Miaka sita?" akafoka. "Mimi nabwata kwenye maikrofoni kama punguani, na mwanangu huko anasikia kwamba kafa?"

Jumamosi iliyofuata nilisimama ukumbini nikalitaja jina lako mbele ya watu wote, na jinsi nilivyolificha. Hakuna aliyepiga makofi, na ilinistahili. Jalada nalo litachapwa upya.

Baba alininunia wiki mbili. Juzi baada ya chakula cha mchana alinitolea fidla mwenyewe, akaniambia nikipige. Nilipokuwa nikipiga aliweka kiganja juu ya ubao wa fidla unapotetema, asikiondoe mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia kwake tangu Novemba, "Ametunga vingine?"

Sijui umetunga vingapi, mdogo wangu. Ninachojua ni kwamba ningesema kweli siku ile, angevisikia vyote.

Siombi unisamehe upesi. Naomba umwandikie yeye, maana kusoma bado anasoma, na kila postamani anapopita, yeye husimama mlangoni kumngoja.

Nisalimie sana Marama, na Callum na Aroha, waambie shangazi yao anawapenda hata kama hawamjui. Shemeji yako Tormod anakusalimu, na Oighrig anasema amekuwekea nafasi jukwaani mkono wa kulia wa pale alipokuwa akisimama babu yake. Mungu awalinde nyote, na mikono yako aiache na wepesi wake.

Wako akupendaye, ambaye alichelewa kuonyesha,

Dada yako Murdina