Nimewekwa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Limefika! Deski jipya la taa, na masanduku yake mawili meusi, kila moja na skrini na vitufe vyake. Moja ni prosesa kuu, ndiyo inayotuma amri kwa kila taa ya jukwaani. La pili ni prosesa ya akiba. Kuu ikizima katikati ya onyesho, akiba inadaka kazi na watazamaji hawajui kitu. Nimeyafuta vumbi ambalo hata halikuwepo. Miaka yote nimehangaika na deski la zamani, nusu ya vitufe vimekufa, navibembeleza kama watoto wenye homa. Nikajisemea, sasa na mimi nitakaa kitako.

Jioni Mwongozaji wa mchezo akatuita. Deski kuu — mdogo wangu. Mimi — akiba.

Mdogo wangu! Niliyemleta mwenyewe hapa ukumbini. Niliyemfundisha kubadilisha balbu bila kuungua vidole. Kaenda kozi moja, karudi, kanipita.

Nilipiga makofi na wengine. Nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumanne, 4 Machi

Mama kapiga simu. Kumbe ameshaambiwa. Anasema, umemsikia mwenzio? Kitinda mimba wangu amekuwa mkubwa! Nikasema, hongera mama. Mkubwa! Na aliyetangulia kuzaliwa ni nani?



Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefurahi, halafu nimeumbuka.

Kitinda kapanga tukio la alfajiri: binti wa kwenye mchezo anarudi kwao, anakuta nyumba imeungua, jua linachomoza. Kwa hilo jua kaning'iniza taa zinazozunguka, safu kwa safu. Kila moja inakula chaneli kibao, njia za kupitishia amri — rangi, mwendo, upana wa mwanga. Nikafungua skrini yangu ya akiba nikaona: deski limekaribia kujaa. Taa chache zaidi na zile za mwisho zingebaki gizani.

Nikasema mbele ya wote, deski halibebi. Nilisema kweli. Lakini nilivyofurahi kuisema!

Mwongozaji akanitazama kama mtu anayenusa maziwa yaliyochacha. Akasema, dada, si kila kitu lazima tuanze na haiwezekani.

Kitinda hakubisha. Akapanda ngazi, taa za nyuma zote akazibadilishia hali, zitumie chaneli chache. Taa zile zile, mwanga ule ule, na nafasi ikabaki. Akashuka, kaniambia, asante dada, umeniokoa.

Umeniokoa! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Waigizaji wameanza kuniita Spea. Kwa mapenzi, eti. Nimecheka. Nilicheka mpaka chooni, huko nikaacha.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la kuzimisha. Kitinda anachomoa umeme wa prosesa kuu makusudi, tuone kama ya akiba itadaka.

Kwanza nilikagua waya unaoziunganisha. Waya mwembamba tu. Bila huo, akiba yangu haijui kinachoendelea kule. Nikaushika. Nikawaza: ukilegea kidogo, leo, mbele ya Mwongozaji... Nani angejua? Nikaukaza. Nikaukaza tena.

Ilidaka. Taa hata hazikupepesa! Mwongozaji akampongeza — nani tena? Kitinda.

Tulipokuwa tunakunja waya nikamwuliza, bila kumtazama, nani aliamua mimi nikae akiba. Akasema, ni mimi, dada. Walitaka yule fundi wa sauti, nikakataa. Yule angesinzia. Wewe husinzii.

Kwa hiyo ni yeye! Kitinda ndiye kaniweka nyuma yake. Na anataka nimshukuru. Nimejigeuza kitandani nikitafuta kasoro katika maneno yake. Sijaipata, na hilo ndilo linanichoma zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Mama kanunua gauni la kuja kumwona Kitinda kwenye onyesho. Kumwona yeye, kasema hivyo hivyo. Nikamwambia na mimi nitakuwepo. Akasema najua, mwanangu, wewe upo siku zote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika wakati wa mapumziko, juu ya deski la akiba.

Onyesho la mchana, ukumbi umejaa. Mama safu ya tatu, gauni jipya. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tukio la alfajiri. Binti kaingia, kapiga magoti. Ghafla skrini ya Kitinda nyeusi! Prosesa kuu imekufa. Akashika mdomo. Mimi sikufikiri. Akiba ilikuwa imeshadaka, taa zote mikononi mwangu. Binti alichelewa kuinua uso, nikalizuia jua. Nikamsubiri. Alipoinua, nikaliachia polepole, si kwa kasi aliyopanga Kitinda. Polepole kabisa. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Nilisikia mtu analia.

Pazia likafungwa. Mwongozaji kapanda mbio hadi kibandani kwetu kwenye taa, kanipita, kamkumbatia Kitinda. Alfajiri ile! Nani kakufundisha kusubiri vile? Kitinda kafungua mdomo. Kanitazama. Kasema, asante.

Asante!

Mwongozaji kashuka. Huko chini Mama anapunga mkono kuelekea huku kwetu, kuelekea kwake.

Prosesa kuu imeamka sasa. Lakini kazi bado iko kwangu, hairudi mpaka mimi nibonyeze kitufe. Kitinda kasema, dada, nirudishie. Nikasema, mwambie Mwongozaji kwanza ni nani aliyesubiri. Akasema, baada ya onyesho, naapa. Nikasema, sasa hivi. Machozi yanamlengalenga. Kasema, dada, wewe huwezi kuelewa, wote wananitazama mimi.

Siwezi kuelewa! Mimi!

Kengele imelia. Watu wanarudi kwenye viti. Kitinda kanyoosha mkono juu ya deski langu lakini hagusi.

Mwongozaji anauliza kwenye hedseti: taa, tayari?

Tumetazamana. Nimejibu mimi. Tayari.

Kitufe sijakigusa. Mwongozaji anauliza, hiyo ni sauti ya nani—